Mfungaji Anapogeuka Mwalimu

Ikiwa kijana wako hapo Musoma au Bunda hushinda juani akifukuza mpira, bila shaka unajiuliza atakula nini miguu itakapochoka. Mfikirie Abdallah Kibadeni. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6 kwa 0, naye peke yake alitia 3. (Wana Yanga waniwie radhi.)

Baadaye akawa mwalimu wa mpira. Na huko Butiama hamhitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Mwaka 1993 aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF. Abidjan walitoka suluhu na Stella, hivyo kombe likaonekana limekaribia. Dar es Salaam, Stella ikashinda 2 kwa 0.

Mfungaji akikosa bao hungoja mpira mwingine. Mwalimu hana mpira wa kungoja. Ana maneno tu, na mengi amekwisha kuyasema kabla ya kipenga. Hata hivyo Kibadeni hakuiacha kazi hiyo. Mwaka 2013 Simba ilimwita tena. Kijana wako akirudi jioni, mwulize kama huwafundisha wadogo zake, au hufunga tu.