WANAIBA KWENYE UTUMBO WA KIFARANGA!

HIVI kijana wa Kihonda au Mji Mpya akikopa, akajenga banda, akanunua vifaranga mia mbili wa kuku wa mayai, akawalisha kwa jasho lake wiki ishirini nzima, halafu mayai hayaji, nani wa kulaumiwa? Jibu la wakubwa tunalijua kwa kichwa. Watasema kijana mvivu, hakufuata ushauri wa wataalamu, kazi yake kushinda kijiweni. Wengine watasema ni kideri. Majirani watasema karogwa.

Mimi nasema ameibiwa. Tena aliibiwa mapema mno, kabla hata kifaranga hajaota manyoya, na aliibiwa mahali ambapo hakuna polisi anayepekua: ndani ya utumbo.

Msomaji usicheke. Kifaranga anapotoka kwenye gamba huwa na akiba ya kiini cha yai tumboni mwake. Akiba hiyo inamfikisha siku mbili tatu, ndiyo maana vifaranga hupakiwa kwenye maboksi ya mia mia kutoka Dar es Salaam, wakasafiri karibu kilomita 190 hadi Morogoro bila kula wala kunywa, na bado wakafika wakilia. Lakini kufika hai ni jambo moja, kukua ni jambo jingine. Katika wiki ile ya kwanza utumbo mwembamba wa kifaranga unakua kwa kasi kuliko mwili wake wenyewe. Ndani yake vinaota vidole vidogo mno, havionekani kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyonyonya chakula. Vidole hivyo vikirefuka, tetea atafaidi kila punje. Vikidumaa, unamwaga chakula mbele kinatokea nyuma, na wewe unaendelea kununua magunia.

Sasa vidole hivyo havijengwi kwa pumba. Vinajengwa kwa protini, na protini ni ukuta wa matofali yanayoitwa asidi amino. Yapo matofali ambayo kuku hawezi kujifyatulia, lazima ayale: laisini, methionini, threonini na mengineyo. Laisini inajenga nyama ya mwili, methionini inatakiwa sana kwenye manyoya, na threonini ndiyo inayotumika kwa wingi kutengeneza ule ute unaotanda ndani ya utumbo na kuukinga na vijidudu. Tofali moja likikosekana fundi anasimama, hata kama mengine yamejaa kiwanja kizima.

Kuku wa bibi kule Kinole au Matombo, juu ya milima ya Uluguru, hana shida hiyo. Anaparua, anapata mchwa, anapata funza na minyoo, anajitafutia laisini yake bila kumwomba mtu. Huyu wa banda ni mfungwa. Anakula anacholetewa.

Na anacholetewa ndicho chenye changa la macho. Gunia limeandikwa protini asilimia 18 au 20, na kweli kifaranga wa kuku wa mayai anahitaji kiasi kama hicho. Lakini kipimo cha kawaida cha protini hakihesabu matofali. Kinapima naitrojeni, kisha naitrojeni inazidishwa kwa 6.25, basi, protini hiyo! Naitrojeni haina kabila. Iwe imetoka kwenye dagaa wa Mwanza, kwenye manyoya yaliyosagwa au kwenye mbolea ya urea, kipimo kinasoma ile ile. Kule China mwaka 2008 ulaghai uliopita kwenye mwanya huu ulifichuka kwenye maziwa ya watoto: walitia melamini, kipimo kikasoma protini, watoto sita wakafa na wengine karibu laki tatu wakaugua.

Sisemi kwamba hapa kwetu wanatia melamini. Mchanganyaji mjanja wa hapa ana njia nyepesi zaidi. Dagaa ni ghali, basi anawapunguza, na pengo analiziba kwa mashudu ya alizeti. Kwenye karatasi asilimia inabaki pale pale. Lakini dagaa wana laisini na methionini kwa wingi. Mashudu ya alizeti yana methionini ya kuridhisha, ila laisini ni haba, na nyuzinyuzi zimejaa. Ukiyachanganya na mahindi, ambayo nayo ni maskini wa laisini, umeoa maskini kwa maskini. Na hao dagaa wenyewe, kwa vile wengi huanikwa mchangani, huja na mchanga wao. Unanunua ufukwe kwa bei ya samaki!

Dawa ipo, na wala si siri. Laisini na methionini za unga zinauzwa. Zinatoka nje ya nchi, lakini kinachotakiwa ni kidogo: kilo moja hadi tatu hivi za laisini katika tani nzima ya chakula, kutegemea kilichochanganywa. Hapo vijana tuwe macho, kwa sababu si kila kipakti cha rangi kinachouzwa kama "virutubisho" kina asidi amino ndani. Vingine ni vitamini tu. Na tusidanganyane, banda likiwa bichi na utumbo ukiliwa na koksidia, hata laisini ya dhahabu haitasaidia.

Ubaya wa wizi huu ni kwamba hauonekani siku unapofanyika. Kifaranga hafi. Anakua mwembamba, anachelewa kutaga, akitaga yai dogo, trei haijai. Wakati huo imepita miezi mitano, gunia la chakula cha vifaranga lilishageuzwa mkeka wa kuanikia udaga, na risiti hakuna. Mimi mwenyewe nimewahi kufuga. Nilipowapima matetea wangu kwa mizani ya muuza nyanya nikaona wamebaki nyuma ya uzito uliotajwa na waliototoa vifaranga, nikaenda dukani kulalamika. Duka silitaji. Niliulizwa swali moja tu: una risiti? Kisha wakacheka.

Huko Marekani hawakucheka. Miaka ya 1990 mwanzoni kampuni kubwa za Marekani, Japani na Korea Kusini zilikula njama ya kupandisha bei ya laisini duniani kote. Naam, unga huu huu wa kuku! Mwaka 1996 kampuni ya Archer Daniels Midland ilikubali makosa na kutozwa faini ya dola milioni 100, milioni 70 kati ya hizo kwa ajili ya laisini peke yake, na baadaye vigogo wake wakaenda jela. Vigogo, si vibarua.

Hapa kwetu ukali tunao, ila tunachagua wa kumwonyesha. Mwishoni mwa Oktoba 2017 Serikali ilichoma moto vifaranga 6,400 pale Namanga kwa sababu vililetwa kutoka Kenya kinyume cha katazo la kuzuia mafua ya ndege. Dunia nzima iliona moshi. Sheria ni sheria, sawa. Lakini na hii nayo ni sheria: Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010. Ina wakaguzi, ina usajili, ina adhabu. Nani aliwahi kuona moshi wa magunia ya chakula hafifu pale Msamvu?

Kinachouma zaidi ni kwamba Morogoro haina udhuru. Hapa hapa kwenye miteremko ya Uluguru kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chuo kikuu kamili tangu 1984. Wasomi hao hao walishapanda Mgeta miaka ya 1980 wakawapelekea wakulima mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway, na barabara ya Mgeta kila mtu anaijua. Kama mbuzi waliweza kupanda mlima ule, sampuli ya kilo moja ya chakula cha kuku itashindwaje kupanda daladala kutoka Msamvu hadi chuoni?

Halmashauri nayo isijifiche. Sheria inataka itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ikasimamishwa mwaka 2023 baada ya harufu ya vikundi hewa, ikarudishwa 2024. Vizuri. Lakini katika ufugaji wa kuku wa mayai gharama kubwa kuliko zote ni chakula. Kwa hiyo fedha ya mkopo inatoka halmashauri, inapita mfukoni mwa kijana kama upepo, inaishia kwenye gunia. Kijana anabaki na deni. Huo ndio ulaji uliohalalishwa!

Tunataka gunia liandikwe kiasi cha laisini na methionini, si "protini" tupu. Tunataka sampuli zichukuliwe madukani bila taarifa, na majibu yabandikwe ukutani pale halmashauri, na jina la mchanganyaji liwepo. Nanyi vijana, msikae mkisubiri. Tunzeni risiti. Wekeni kilo moja ya kila gunia kwenye mfuko mkavu hadi matetea watage. Tieni dagaa kwenye ndoo ya maji muone mchanga unaozama. Pimeni vifaranga kila wiki.

Na diwani akija kijiweni kuomba kura, msimpigie makofi kwanza. Muulizeni: mkaguzi wa vyakula vya mifugo alichukua lini sampuli kwenye maduka ya kata hii, na majibu yake yako wapi?