Tujifunze Kuchora Daftari Letu Wenyewe

Wahenga wametuachia usia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usia huo unajulikana na kila mtu, na aghalabu hutajwa kila yanapofunguliwa mafunzo ya makarani. Lakini uko upande wake wa pili ambao hautajwi: daftari nalo huweza kuipoteza mali, likiwa limechorwa na mtu asiyeijua. Wakati huu ambapo shughuli za umma zinahamishwa kutoka kabati la karatasi kwenda katika kompyuta, upande huo wa pili ndio unaotuhusu zaidi, sisi wa Visiwani na ndugu zetu wa Bara.

Ili tulione jambo hili bayana, tupande kwanza hadi Old Moshi, katika miteremko ya Kilimanjaro. Huko ndiko Wajerumani walikokuwa na boma lao kabla ya reli ya Tanga kufika mwaka 1911 na mji kukua chini tambarare. Huko ndiko walikomnyonga Mangi Meli tarehe 2 Machi, 1900, pamoja na viongozi wenzake. Katika miaka hiyo mafuvu ya watu wetu yalisafirishwa hadi Ujerumani, yakaorodheshwa katika daftari za makumbusho. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba kwa kulinganisha vinasaba vya baadhi ya mafuvu hayo na vya watu walio hai Kilimanjaro, jamaa za marehemu wamepatikana. Fuvu mojawapo lilikuwa na maandishi "Akida", na inaaminika kuwa ni la mshauri mkubwa wa Mangi Meli. Akida si jina, ni cheo. Kwa zaidi ya miaka mia moja mtu huyo alikuwamo katika orodha, lakini hakuwa na jina, kwa kuwa aliyeiandaa orodha hakuona haja ya kuuliza.

Old Moshi hiyohiyo inatuonyesha pia daftari la namna nyingine. Joseph Merinyo, mwana wa huko, alikuwa mstari wa mbele wakulima wa kahawa wa Kiafrika walipounda chama chao mwaka 1925, chama kilichofuatiwa na Ushirika wa KNCU mwaka 1933. Daftari la ushirika lilikuwa na jina la mkulima, kilo za kahawa aliyoleta na fedha alizostahili. Aliyedhulumiwa alijua ni mstari gani wa kuuonyesha kidole na ni karani gani wa kumwuliza. Tofauti ya daftari hizi mbili haikuwa ya karatasi wala wino. Tofauti ilikuwa ni nani aliyepanga nini kiandikwe.

Sasa tuje kwenye zama zetu. Tovuti za mwanzo zilikuwa mfano wa tangazo lililobandikwa ukutani: kila apitaye husoma maneno yaleyale. Tovuti za leo ni mfano wa karani aliyekaa dirishani. Mwananchi anaandika namba yake. Programu iliyomo katika seva inaipeleka namba hiyo kwenye kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu lililopangwa katika majedwali. Kanzidata inatafuta, inajibu, na programu inaandika ukurasa mpya kwa ajili ya mwananchi huyo peke yake. Msingi wa kupanga kumbukumbu katika majedwali yenye uhusiano uliwekwa na Edgar Codd mwaka 1970, na lugha ya kuyauliza majedwali hayo, SQL, ilianza kutungwa katika miaka iliyofuata. Elimu hiyo si siri ya taifa lolote. Programu kama PostgreSQL na MySQL hupatikana bila malipo, na kijana aweza kuzitia katika kompyuta moja na kufanya mazoezi hata pasipo intaneti.

Ugumu, basi, hauko katika chombo. Uko katika kuchora majedwali. Kila safu inayochorwa ni uamuzi juu ya haki ya mtu, na uamuzi huo mashine haiwezi kuutoa.

Tuchukue jina. Mifumo mingi iliyotungwa ugenini humtaka mtu ataje jina lake na jina la ukoo. Visiwani mtu hutaja jina lake, la babaye na la babuye. Tuseme Ali Juma Khamis ni mtoto wa Juma Khamis Haji. Karani akijaza jina la mwisho mahali pa ukoo, mashine itaona Khamis na Haji, na itaamua kwamba mtoto na babaye hawana nasaba. Siku ya mirathi mzee wa watu atapigwa dana dana kutoka ofisi hadi ofisi, naye hana kosa lolote.

Tuchukue ardhi. Mchagga wa Old Moshi ana kihamba, na kihamba kina wazee waliokirithisha na wadogo wanaokitazamia. Si mali ya kuandikwa jina moja na kufungwa jalada. Kwetu Unguja na Pemba, ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na mikarafuu iliyo juu yake ikawa ya mwingine. Mtungaji asiyelijua hilo atachora safu moja ya "mmiliki", na kwa mchoro huo mmoja atakuwa amefuta haki ambayo mahakama na wazee wameitambua kwa vizazi. Hatakuwa amefanya hila. Atakuwa hajui tu. Na kutojua kwake kutajirudia kila mara kitufe kinapobonyezwa.

Hii ndiyo sababu tunasema vijana wetu wajifunze kuunda kanzidata na tovuti zinazoitegemea, wala wasiishie kuwa wajazaji wa fomu zilizotungwa na wengine. Nchi hii imekwisha kuuona ubaya wa kupokea chombo bila elimu yake. Mfumo wa kompyuta wa hesabu za Serikali ulipoleta matatizo na hasara, mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku. Marufuku hayo yaliizuia mashine, lakini hayakumpatia mtu yeyote ujuzi.

Pana mfano mwema pia. Mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, ambao mizizi yake iko Afrika Kusini na Chuo Kikuu cha Oslo, ulitolewa pamoja na maandishi yake yote ya ndani ili kila nchi iyasome na kuyarekebisha. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliushika wakaufanyia kazi, na leo unatumika Bara na Zanzibar. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba jambo hili ni kubwa kuliko sisi.

Kuna watakaosema kwamba mfumo uliokwisha kutengenezwa hununuliwa leo na kutumika kesho, na kwamba mwanafunzi hukosea. Ni kweli kwamba mwanafunzi hukosea, tena makosa mengine ni ya hatari. Asiyefundishwa vyema ataacha programu iyapokee maneno ya mwananchi na kuyachanganya na amri za kanzidata. Mtu mwovu ataandika amri mahali pa jina, na ghala zima litafunguka. Lakini kosa hilo dawa yake inajulikana na hufundishwa: maneno ya mtumiaji yatengwe na amri, na kila mtumishi apewe ruhusa ya kuona kile tu kinachohusu kazi yake. Mfumo wa kununua nao una makosa yake, ila huo ukikosea sisi tunabaki kusubiri fundi kutoka ng'ambo.

Kwa viongozi wetu tunayo mambo matatu. Kwanza, kila mkataba wa mfumo wa umma useme wazi kwamba michoro ya majedwali na maandishi ya programu yatakabidhiwa Serikalini, na kwamba watumishi wetu watashiriki katika kazi tangu siku ya kwanza. Pili, vyuo kama Karume cha Mbweni, SUZA na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi vipewe kazi za kweli: daftari la shehia moja, la chama kimoja cha msingi cha kahawa, la skuli moja. Vianze na majina ya kubuni, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimruhusu mtu kuchezea habari za wananchi. Tatu, kabla ya safu yoyote kuchorwa, sheha, mkulima na mama wa nyumbani waulizwe.

Hilo la tatu si geni kwetu. Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia skuli tunajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu kuandika deni: mwandishi aandike kwa uadilifu, na mwenye kudaiwa ndiye atamke kinachoandikwa. Kalamu iko kwa mwandishi, lakini maneno ni ya mhusika.

Vijana wa Visiwani na wa Old Moshi, kazi hii ni yenu. Mtu aliyeandikwa "Akida" hakuweza kumwambia mwandishi jina lake. Sisi tunaweza kuyasema yetu, na sasa tunaweza pia kujifunza kuyaandika. Tusipofanya hivyo, lawama haitakuwa ya mgeni.