Kesi Isile Nyumba

Ndugu zangu wa Kariakoo, Gerezani, Jangwani na Ilala, nina ombi kwenu. Linawahusu mlioachana na bado mnagombea nyumba, na linawahusu zaidi ninyi ambao ndoa zenu ni nzima na hamna wazo hata kidogo la mahakama.

Nyumba ya kwetu huku haijawahi kuwa ya kulala tu. Ndani wanakaa watoto, uani wamo wapangaji, mbele kuna fremu mbili au tatu ambazo pango lake hulipwa kwa mkupuo, na anayetaka kuingia huulizwa kilemba kabla hajaonyeshwa mlango. Ndoa ikivunjika, mume na mke wanagombea malazi, ada za shule na biashara kwa pamoja. Tena mmoja wao ndiye anayepokea pango. Huyo ana uwezo wa kuweka wakili, hata wawili. Mwenzake kahamia kwa ndugu yake Mbagala na anakopa nauli ya kwenda kusikia kesi imeahirishwa.

Tunapozungumzia gharama za kesi, wengi tunafikiria ada ya wakili peke yake. Ongezeni kiapo, nakala, mthamini wa nyumba, usafiri wa mashahidi, na siku ambazo meza ya biashara haikufunguliwa. Kwa mama anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo, siku hizo ndizo ghali kuliko zote, na hakuna anayempa risiti yake. Aliyeshika pango haumizwi na kuahirishwa kwa kesi. Kila mwezi unaopita unamlipa. Kwa hiyo ninyi mlio upande usio na pango, ombeni matunzo mapema: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inairuhusu mahakama kuamuru mke apewe matunzo wakati shauri likiendelea. Watu wengi husubiri hukumu, na hukumu ikija wana madeni yanayomeza nusu ya walichopewa.

Kariakoo tuna historia yetu katika jambo hili. Kila mwanafunzi wa sheria nchini anamjua Bi Hawa Mohamed, lakini si wengi wetu wanaojua kwamba safari yake ilianzia papa hapa. Ndoa yake na Ally Sefu ilivunjwa mwaka 1980 na Mahakama ya Mwanzo ya Wilaya ya Ilala iliyokuwa Kariakoo. Alipodai sehemu ya nyumba aliambiwa kuwa yeye alikuwa mke tu, na nyumba mume aliinunua kwa fedha zake. Mahakama Kuu kwa sehemu kubwa ikaafiki. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema jambo lililobadili ndoa za nchi nzima: kupika, kulea na kutunza nyumba ni kazi, na kazi hiyo ni mchango katika kupata mali chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa.

Sehemu ya pili ya hukumu hiyo haisimuliwi sana. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu zaidi. Mahakama iliona kwamba fedha alizokuwa amepewa na mumewe kwa ajili ya maendeleo ya familia alizitapanya, hivyo fungu lake likahesabika kuwa limeshatumika. Wanawake waliokuja baada yake wamenufaika na hoja yake, yeye akaondoka mikono mitupu. Binafsi naona hapo ndipo penye funzo kubwa kwa watu wa biashara kama sisi: fedha zilikwenda wapi, na nani anaweza kuonyesha? Tangu wakati huo Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba kiwango cha mchango wa kila mmoja ni suala la ushahidi. Machozi hayahesabiwi, wala kelele za mashangazi.

Chukueni mfano tunaouona kila mtaa. Mume karithi nyumba ya vyumba sita kwa babake. Mke kafanya biashara, kakopa kikoba, zikajengwa fremu nne na choo cha kisasa. Ndugu wa mume watasema ni nyumba ya urithi, mke hana lake. Sheria haisemi hivyo. Mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa inaingia kwenye mgawanyo iwapo iliendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi za pamoja. Upande wa pili nao una haki yake: ikiwa nyumba ni ya marehemu na mirathi haijafungwa, ndugu wote wana fungu, na kumburuta mume peke yake mahakamani ni kupoteza fedha bure.

Kabla ya mahakama kuna Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Nawasihi msilifanye kituo cha kupitia tu ili mpate karatasi. Isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria, mahakama haipokei shauri la talaka bila hati ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya Hassani Ally Sandali dhidi ya Asha Ally, ilifuta mwenendo wa mahakama za chini kwa sababu masharti hayo hayakutimizwa. Hebu fikirini fedha zilizokwisha kutumika mpaka kufika huko! Na wajumbe wa mabaraza, mlio kata na mlio kwenye taasisi za dini, andikeni vizuri mliyoyasikia. Hati iliyokosewa leo inakuja kumgharimu mtu miaka.

Baraza likishindwa kurudisha ndoa, bado linaweza kusaidia kuachana kwa heshima. Si lazima nyumba ipigwe mnada na dalali wa mahakama. Mmoja anaweza kumnunua mwenzake kidogo kidogo kutokana na pango. Fremu zinaweza kugawanywa, hizi zako, zile zangu. Mnaweza kukubaliana isiuzwe mpaka mtoto wa mwisho amalize shule. Makubaliano yakiandikwa na kusajiliwa mahakamani, yanakuwa na nguvu ya hukumu, na mmeokoa rufaa tatu. Mashauri ya familia ya Dar es Salaam yana kituo chake jumuishi Temeke tangu mwaka 2021, ambapo mahakama za ngazi mbalimbali ziko chini ya paa moja. Kutoka Gerezani ni mwendo mfupi.

Mawakili wetu, mlio na ofisi mjini, nanyi nawaomba jambo dogo: mwandikieni mteja ada yake kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, kabla hajatoa hata shilingi. Mwambieni pia pale ambapo kuendelea kutamla zaidi ya atakachopata. Na asiye na uwezo kabisa asione haya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao ni bure. Ulizeni ofisi ya serikali ya mtaa.

Mlio kwenye ndoa njema, jina la pili kwenye hati si dalili ya kutoaminiana. Kwa kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa, mume au mke haruhusiwi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na mwenye wasiwasi anaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati. Lakini zuio linawekwa mapema. Mnunuzi akishaingiza mafundi, umeanza kesi nyingine.

Ombi langu la mwisho ni kwa makatibu wa vikoba. Madaftari ya zamani ni ushahidi, msiyatumie kufungia vitumbua. Andikeni mkopo ulichukuliwa na nani, lini na kwa kazi gani, "kujenga fremu", "kuezeka", mkopaji atie saini, kisha muyaweke pakavu.