TUMELETWA DUNIANI KUFANYA NINI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kijana akifika kidato cha tatu au cha nne huanza kuuliza mambo ambayo hayamo katika juzuu aliyohifadhi. Moja ni hili: maisha yana maana gani? Baadhi ya wazee humjibu, "Astaghfirullah! Maswali hayo umeyatoa wapi?" Kijana hunyamaza, lakini swali hubaki moyoni, na atalipeleka kwingine. Sisi tunaona lijibiwe hapa hapa madrasa.

Kwanza tuwasikilize wasiofuata dini. Albert Camus, mwandishi Mfaransa aliyezaliwa Algeria mwaka 1913, katika kitabu chake cha mwaka 1942 alimfananisha binadamu na mtu wa hadithi za Wagiriki wa kale aliyehukumiwa kusukuma jiwe hadi kileleni. Likifika huporomoka, naye huanza upya, milele. Kwake yeye dunia haina maana iliyowekwa, lakini alikataa kwamba mtu ajiue kwa sababu hiyo. Alitaka aishi kwa ujasiri. Jean-Paul Sartre naye, katika mhadhara alioutoa Paris mwaka 1945, alifundisha kwamba binadamu hakuwekewa lengo lolote, bali hujitengenezea mwenyewe kwa matendo yake, wala hana wa kumlaumu.

Tusiwacheke. Kwamba mtu asilaumu wengine ni kweli. Sura Al-Muddaththir aya ya 38 inatufundisha kuwa kila nafsi itafungwa na matendo yake. Tunapoachana nao ni hapa: lengo ulilojitengenezea lina nguvu kadiri ya nguvu zako tu. Aliyeifanya kazi kuwa ndiyo maisha yake, siku akiachishwa atashika nini? Na mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani, je, maisha yake yamekwisha maana? Uislamu unasema hapana. Sura Adh-Dhariyat aya ya 56 inatueleza kuwa majini na watu wameumbwa ili wamuabudu Mwenyezi Mungu (S.W.). Mgonjwa anayesubiri kwa ajili ya Mola wake yumo ibadani, hata kama hawezi kuinua mkono.

Lakini kulijua jibu ni jambo moja, na kuliishi ni jingine. Imam Ghazali alikuwa mwalimu mkubwa wa Nizamiyya ya Baghdad. Mwaka 1095 alijichunguza akaona kuwa anafundisha kwa ajili ya cheo na sifa. Ulimi wake ukawa mzito hata akashindwa kusomesha. Akaacha kiti chake, akauhama mji. Hakurudi kusomesha rasmi hadi mwaka 1106, huko Nishapur. Si bure Imam Bukhari aliifungua Sahihi yake kwa hadithi ya nia.

Basi mwanafunzi anayehifadhi juzuu kwa kuogopa bakora, au ili asifiwe siku ya Maulidi, naye anasukuma jiwe.

Rai yetu ni hii. Walimu tutenge muda wa maswali kila wiki. Wazazi, msiwafokee watoto wanaouliza; asiyejua amlete mtoto kwa anayejua. Nanyi wanafunzi, ulizeni kwa adabu, na kabla ya kufungua msahafu kila mmoja ajiulize: nasoma kwa ajili ya nani?

Wabillahi tawfiq.