Tamko la Walimu Wastaafu kuhusu Dini, Siasa na Hiari ya Mtu

Sisi wanachama wa umoja wa walimu wastaafu mkoani Tanga, tulio Waislamu, Wakristo na wachache wasiofuata dini yoyote, tumekutana katika mkutano mkuu wa mwaka na tunatoa tamko hili kwa wananchi wenzetu, kwa viongozi wa dini, kwa vyama vya siasa na kwa serikali.

Suala hili halikuwa kwenye ajenda. Liliingizwa na mwenzetu mmoja aliyesema kwamba Ijumaa, watu walipomaliza kuswali, waliombwa wasitoke kwanza, akatambulishwa mtia nia wa udiwani aliyeleta zulia la msikiti. Mwenzetu mwingine akamjibu kwamba kanisani kwao Jumapili iliyotangulia mambo yalikuwa vivyo hivyo, ila kilicholetwa ni mabati, na mtia nia ni yule yule. Wajumbe walicheka sana. Vicheko vilipokwisha, mjadala ulichukua asubuhi nzima.

Tunaanza na Katiba, kwa kuwa wengi wetu tuliifundisha darasani. Ibara ya 3 inasema Jamhuri ya Muungano haina dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuamini na hata wa kubadili dini yake, inaiweka kazi ya kuabudu na kueneza dini katika hiari ya mtu binafsi, kisha inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Ibara ya 20 inazuia kusajiliwa kwa chama cha siasa chenye lengo la kuendeleza maslahi ya imani au kundi la dini. Ukizisoma ibara hizo kwa pamoja utaona kinacholindwa: dola imenyimwa dini ili mwananchi awe na yake, au asiwe nayo, bila kumwogopa mtu.

Hatuombi nchi iwe kama Ufaransa, ambako sheria ya 2004 ilikataza wasichana kuvaa hijabu katika shule za serikali. Sisi tumefundisha wasichana wenye hijabu na wasio nayo katika dawati moja, na hesabu ziliwashinda au ziliwaelea bila kujali kilichokuwa kichwani. Wimbo wetu wa taifa ni dua. Bunge hufunguliwa kwa dua. Idd na Krismasi zote ni sikukuu za kitaifa, na shahidi mahakamani huapa kwa imani yake au huthibitisha tu kwamba atasema kweli. Katika hayo hatuoni kasoro. Kipindi cha dini nacho tulikisimamia miaka mingi: darasa liligawanyika, hawa kwa ustadhi, wale kwa katekista, na ambao mwalimu wao hakufika walibaki nasi tukiwasahihishia madaftari. Hakuna mtoto aliyelazimishwa kuhamia upande wa pili ili tu asikae bure.

Utaratibu huu haukupatikana kwa wepesi, na si kweli kwamba zamani hapakuwa na maneno. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kilikuwapo chama cha AMNUT kilichotaka uhuru ucheleweshwe hadi Waislamu wapate elimu ya kutosha, na Waislamu wenyewe waliokuwa ndani ya TANU ndio waliokikataa. Mwaka 1958 Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee la TANU, alifukuzwa katika chama kwa sababu ya kuhoji hadharani hali ya Waislamu itakavyokuwa baada ya uhuru. Miongoni mwetu wapo wanaosema swali lake lilikuwa la haki na lilistahili jibu, wala si adhabu. Jibu la sehemu lilikuja baadaye: baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 shule za misheni zilichukuliwa na serikali, na baadhi yetu tusingepata kiti darasani kama isingekuwa hivyo. Lakini ni katika miaka hiyo hiyo, 1968, serikali ilipoipiga marufuku EAMWS, jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, na BAKWATA ikaundwa. Manung'uniko ya tukio hilo bado yanasikika misikitini hadi leo. Dola ikionekana imewachagulia waumini chombo chao, hata chombo hicho kikifanya kazi njema, kitaandamwa na shaka vizazi na vizazi.

Sasa tuseme lililotukutanisha. Tunaambiwa kila mara tusichanganye dini na siasa. Tunakubali. Tunachokataa ni namna katazo hilo linavyotumika, kwa maana lina sikio moja tu. Kiongozi wa dini akisimama mbele ya kamera akamsifu mkuu wa wilaya, akawaombea wagombea wa chama fulani ushindi wa kishindo, akadai ameoteshwa nani atashinda, haambiwi amevuka mpaka. Akisema bei, haki au katiba, mpaka unachorwa siku hiyo hiyo. Maaskofu Katoliki katika ujumbe wao wa Kwaresima wa 2018, na maaskofu wa KKKT katika ule wa Pasaka mwaka huo huo, waligusia uhuru wa raia na hali ya siasa nchini, wakaambiwa warudi madhabahuni. Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki lilipotoa tamko la kupinga mkataba wa bandari na DP World, mjadala ukaacha mkataba ukahamia kwenye dini ya waliosema na dini ya Rais. Huo ndio udini wenyewe, na walioukoleza ni wanasiasa na wapambe wao wa mitandaoni.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Askofu Josephat Gwajima. Alichaguliwa mbunge wa Kawe kwa tiketi ya CCM mwaka 2020, akawa askofu na mbunge kwa pamoja, na hatukusikia mamlaka yoyote ikilalamika kwamba dini imechanganywa na siasa. Juni 2025, baada ya kukemea hadharani vitendo vya watu kutekwa, Msajili wa Jumuiya aliufuta usajili wa kanisa lake, na sababu iliyotajwa ni mahubiri yenye mwelekeo wa kisiasa. Wanachama wetu wengi hawakubaliani na mahubiri ya askofu huyo katika mambo mengi. Hata hivyo tunauliza: ni kipimo gani kilichoyaona maneno ya mwaka mmoja na kisiyaone ya miaka minne iliyopita? Na waumini waliokuta milango imefungwa, wao walikosa nini?

Vivyo hivyo kwa masheikh wa jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar, waliokamatwa kuanzia 2012 na kuachiwa Juni 2021 baada ya mashtaka kufutwa. Kama walikuwa na kosa, mahakama ilikuwapo. Raia hapungukiwi haki zake kwa kuvaa kanzu, wala haongezewi.

Msimamo wetu basi ni huu. Sheikh, padri, mchungaji na mhubiri wa mtaani ni raia. Wana haki ya kusema juu ya ushuru wa soko, maji, mauaji, uchaguzi na mikataba, na wasemapo wajibiwe kwa hoja. Wanachopaswa kukiacha ni kumtaja mgombea au chama mbele ya waumini waliokuja kuabudu. Muumini aliyekaa chini kusikiliza hotuba au mahubiri hana nafasi ya kunyoosha mkono akapinga, na hapo ndipo hiari yake inapochukuliwa. Akikutana na kiongozi huyo huyo kwenye mkutano wa hadhara au redioni, anaweza kumbishia au kuondoka zake. Tofauti ya sehemu hizo mbili kwetu ndiyo kiini cha suala zima, na tunashangaa haizungumzwi.

Kuhusu bahasha tutasema wazi, ingawa itawaudhi jamaa zetu walio kwenye kamati za ujenzi. Mwaka wa uchaguzi mabati hupatikana, saruji hupatikana, spika za kwaya na mazulia hupatikana. Mgeni rasmi huchelewa, ibada humsubiri. Akifika hupewa kipaza sauti "asalimie tu", na salamu huwa ndefu kuliko somo. Maadili ya uchaguzi yanakataza kampeni katika nyumba za ibada, lakini harambee haijawahi kuhesabiwa kuwa kampeni. Majirani zetu wa Kenya wamelianza hili. Mwaka 2021 Kanisa la Kianglikana nchini humo liliwazuia wanasiasa kuhutubia mimbarini, na Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kurudisha fedha alizotoa Rais William Ruto katika parokia ya Soweto. Kurudisha fedha ambazo kwaya imeshazishangilia si jambo dogo. Tungependa kuona kamati moja ya msikiti au kanisa hapa Tanga ikifanya hivyo.

Tunavionya pia vyama. CUF ilipopata nguvu ilipakwa jina la chama cha Waislamu. CHADEMA ilipopata nguvu ikaitwa cha Wakristo. Majina hayo yalitengenezwa na watu wazima waliojua wanachofanya. Machi 1995, akizungumza na waandishi wa habari katika Hoteli ya Kilimanjaro, Mwalimu Nyerere aliutaja udini kuwa miongoni mwa nyufa za taifa. Toka hapo umezuka mtindo wa kuhesabu marais, huyu Mkatoliki, huyu Mwislamu, na kusema sasa ni zamu ya upande fulani. Katiba haina zamu ya dini. Imetokea kupokezana, ni heri. Lakini atakayekuja kuomba kura zetu kwa hoja ya zamu ajue hatatuona.

Upande wa mtu binafsi tuna la kusema kwa serikali na kwa familia zetu. Sensa haijauliza dini ya mtu tangu 1967, na tunaona ni busara. Lakini nenda mahakamani uisome hati ya mashtaka: jina, kabila, umri, kazi, dini, makazi. Shahidi tunaelewa, anakwenda kuapa. Mshtakiwa wa wizi wa pikipiki anaulizwa dini ya nini? Kipengele hicho kiondolewe.

Kwa familia, tunakumbusha kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 imeacha milango kadhaa: msikitini, kanisani, kimila na bomani. Watoto wetu wanaooana bomani kwa kuwa dini zao ni mbili hawajavunja sheria, na mzazi anayesusia harusi ana uhuru wake wa kususia, ila hana ruhusa ya kumfungia binti ndani. Anayebadili dini asinyimwe urithi kwa vitisho wala kufukuzwa mtaani. Na asiyesali popote asiitwe mshirikina au msaliti. Baadhi yetu tuko hivyo na tumewafundisha watoto wenu kusoma.

Suala la Mahakama ya Kadhi Tanzania Bara halikutupa kauli moja. Liliingia katika ilani ya CCM ya 2005, likafikishwa bungeni na kuondolewa 2015. Waliounga mkono walitaja Zanzibar na Kenya, ambako kadhi yumo katika sheria. Waliopinga waliogopa hazina ya umma kugharamia mahakama ya dini moja. Tulichokubaliana ni kimoja: Waislamu wanaotaka kumpelekea kadhi mashauri yao ya ndoa na mirathi kwa ridhaa ya pande zote mbili wasizuiwe, na asiyetaka, hasa mwanamke, abaki na mlango wa mahakama ya kawaida ulio wazi.

Kwa hiyo tunamtaka Msajili wa Jumuiya asifunge nyumba ya ibada kwa maneno ya kiongozi wake. Kama kuna kosa, ashtakiwe mtu, na waumini waachwe wasali. Tunaitaka Tume ya Uchaguzi iihesabu harambee yenye mgombea kuwa kampeni, kwa chama tawala na kwa wapinzani sawasawa. Tunawaomba maimamu, mapadri na wachungaji wa mkoa huu wamwambie mtia nia akae safuni kama waumini wengine, na kama ana mchango autumbukize kwenye kapu bila kutajwa. Wanachama wetu waliomo kwenye kamati za misikiti na makanisa wataanza kwa kulipeleka ombi hili katika vikao vyao.

Tamko limepitishwa kwa kura. Walikuwapo waliolipinga, baadhi kwa kuona tumewabana mno viongozi wa dini, wengine kwa kuona tumewalegezea. Maoni yao yameandikwa katika muhtasari wa kikao, na kila mmoja wao yuko huru kuyasema hadharani kwa jina lake.