Mayai 60 na programa ya USB

Mwezi huu tuache kidogo habari za wivu na mahari. Nataka niwape kisa cha kidude kidogo kama kiberiti ambacho nusura kinilaze sebuleni.

Shemeji yenu alipokea mchezo wa kazini, akaenda kununua mayai 60 ya kienyeji yenye mbegu kwa mfugaji mmoja wa Nzuguni. Alifanya hivyo kwa sababu mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, nilimwambia mashine ya kutotolesha iko tayari. Uongo mtupu. Sanduku la plaiwudi lilikuwepo, balbu zipo, feni ipo. Ubongo ndio haukuwepo, yaani ile chipu ya ATmega328P ya kushikilia joto la nyuzi 37.5 na kugeuza mayai. Na ilikuwa Juni, si mnaujua upepo wa Dodoma usiku wa Juni? Bila ubongo, hakuna kifaranga.

Programu nilishaiandika kwenye laptop. Lakini haiingii kwenye chipu kwa maombi, inataka kifaa cha kuipitisha kutoka USB. Mafundi simu wana maboksi yao ya kuflashi. Sisi wa chipu tuna programa. Na yai lenye mbegu halisubiri. Hata ukilitunza mahali pa ubaridi, likipita siku saba hivi uwezo wa kuangua unaanza kushuka.

Basi bwana, nikachota hela kwenye bahasha ya kodi ya nyumba bila kusema. Nikapiga simu duka moja la Dar, jamaa akaniambia anayo "inayosoma chipu zote". Mshikaji wangu aliyekuwa anapanda kwa treni ya SGR akaniletea. Nafungua mfuko, nakuta kopi ya PICkit 3. Kifaa hakina ubaya wowote, ila kimetengenezwa kwa chipu za PIC za Microchip. Yangu ni AVR, ukoo uliozaliwa Atmel. Microchip iliinunua Atmel mwaka 2016, na PICkit za baadaye, kuanzia ya 4, zinazungumza na koo zote mbili, lakini bei zake ni za watu wengine. Kosa ni langu. Niliuliza bei kabla ya kuuliza ukoo.

Siku ya tatu hiyo. Nikachota tena, nikaagiza USBasp. Hii ndiyo ningemshauri kila anayeanza na AVR za kawaida. Aliibuni Mjerumani, Thomas Fischl, akaacha michoro wazi, ndiyo maana kopi zake zimejaa na ni za bei ya chee. Ila nayo ubongo wake ni chipu ya AVR, ambayo kabla ya kufanya kazi lazima iwe imeingiziwa programu na programa nyingine. Kuku na yai, kabisa.

Nikaichomeka. Kimya. Windows haikuitambua mpaka nilipoiwekea draiva kwa programu ya Zadig (wa Linux hamuijui adha hii). Ikatambulika, halafu kompyuta ikaniambia chipu haijibu. Nikabadilisha waya, haijibu. Nikajua nimeiunguza chipu, na hapo ndipo nikaanza kutafuta simu ya kuagiza programa ya tatu.

"Hizo hela za hivyo vidude zinatoka wapi?" Shemeji yenu alikuwa amesimama mlangoni, bahasha mkononi.

Jamani, nilisema yote. Kwamba mashine haikuwa tayari siku ile niliposema iko tayari, na kwamba kodi imepungua. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliniuma. Akaniambia tu, "Mume wangu, mimi mayai nimenunua kwa neno lako." Akaenda kuyageuza kwenye trei, moja moja. Siku ya tano.

Usiku huo sikuagiza kitu. Nikakaa nikasoma, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kupiga simu Dar. Kumbe ATmega328P mpya hutoka kiwandani ikikimbia kwa megahezi 1 tu, na programa inatakiwa iongee nayo chini ya robo ya kasi hiyo, yaani chini ya kilohezi 250. USBasp kwa kawaida inaongea kwa kilohezi 375. Chipu ilikuwa nzima, ilikuwa inasemeshwa haraka mno! Kwenye kibao cha USBasp kuna matundu mawili yameandikwa JP3. Ukiyaunganisha inapunguza mwendo. Nikayaunganisha kwa kipande cha waya, nikajaribu tena, programu ikaingia. Saa saba usiku nikamwamsha aje aone feni inazunguka.

Sasa wewe unayetaka kuanza, angalia jina lililoandikwa mgongoni mwa chipu kwanza. Kama unayo Arduino Uno ndani, usinunue kitu. Ipakie mchoro wa ArduinoISP, weka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya reset na ground, tayari ni programa. ESP32 ya kwenye bodi yenye USB haihitaji kabisa. AVR mpya zinazotumia UPDI, USBasp haiziwezi. Na ile jampa ya volti 5 na 3.3 usiiamini sana, maana kwenye kopi nyingi inabadilisha umeme wa kulisha tu, nyaya za mawasiliano zinabaki na volti 5. Ukiwa na kadi ya SD kwenye nyaya hizo hizo, imekula kwako.

Vifaranga walitoka 41. Bahasha ya kodi anaitunza yeye siku hizi, na mimi nikitaka hata waya naomba. PICkit yangu bado iko kabatini. Msomaji mwenye chipu ya PIC aje, bei maelewano, ila mazungumzo ya hela ni na shemeji yenu.