KINDI SIO KIKI! MASTAA WANAOKUJA SONGWE NA KAMBA WAKOME

Mchezo ni uleule kila msimu wa shoo. Staa anashuka Tunduma, anapiga shoo yake usiku, asubuhi anasaka pa kupigia picha. Mpakani ni foleni ya malori, vumbi na wabadilisha pesa, pozi linagoma. Basi gari linageuzwa kuelekea Vwawa, linaingia kwenye mashamba ya kahawa ya Mbozi, kijani mwanzo mwisho. Hapo ndipo timu yake inapoita madogo wa kijijini: "Nani atatuletea kindi? Buku tano hii hapa!"

Baada ya muda kindi kaletwa, kafungwa kamba mguuni. Staa kamshika, kacheka, picha zikapigwa. Maneno ya chini ya picha: "Napenda sana wanyama." Makopakopa yakamiminika. Alianza dada mmoja mwenye jina kubwa mjini, mchekeshaji fulani akaiga, sasa hivi hata MC wa harusi naye anataka kindi begani.

Jamani, mtu anayependa wanyama anatembea na kamba?

Hizo picha ziangaliwe vizuri. Kindi mwenye raha hatulii, mkia unachezacheza muda wote. Akiona nyoka au mwewe anautikisa huku anapiga kelele, wenzake wajue kuna hatari. Yule wa kwenye mkono wa staa mkia umelala, macho yamemtoka, katulia tuli. Mashabiki wanaandika "kamzoea". Hajamzoea mtu, kaganda kwa hofu!

Na kinachofuata baada ya picha hakipostiwi. Kamba imeshakaza mguu. Wengine hawafunguliwi kabisa, wanaachiwa watoto wachezee mpaka jioni. Kama ni jike lenye watoto kwenye tundu la mti, basi na wale njaa ndiyo inawamaliza. Na hao madogo wanaotumwa kukamata, kindi ana meno ya kupasulia mbegu ngumu, akiuma vidole anauma kweli. Staa hayupo kulipia dawa.

Ila ubaya mkubwa ni bei. Dogo aliyekuwa anapita chini ya mti bila hata kutazama juu, leo anajua kindi ni buku tano. Kesho anatega mtego kabla staa hajafika. Wa mjini kaondoka na laiki zake, biashara kaiacha kijijini.

Watetezi wao wana jibu moja: mbona wakulima wanawaua? Ni kweli, kindi anafukua mahindi na karanga zilizopandwa jana, na mkulima anatetea ugali wa watoto wake. Staa anatetea ugali gani? Afu kindi huyohuyo anafukia mbegu za porini, nyingine anazisahau, mti unaota. Kuna miti ya msituni haikupandwa na mtu yeyote.

Sheria nayo ipo, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kukamata mnyamapori bila kibali ni kosa. Dogo wa kijijini anaweza kusema hakujua. Staa mwenye meneja na mwanasheria atasemaje?

Utetezi wa mwisho ndio unachekesha zaidi: "Bila kamba hatulii." Sasa nani kasema atulie? Songwe ina Kimondo cha Mbozi pale Ndolezi, dude la chuma la tani zaidi ya 10. Halikimbii, haliumi, halina watoto wanaolisubiri. Anayetaka kitu cha kukumbatia akapige pozi pale hata siku nzima. Utamu wa kindi ni kule kukimbia kwake.

Mbona kuna vijana wa Vwawa na Mlowo wanaweza, tena na simu za kawaida tu? Wanadamka mapema, wanakaa kimya karibu na mti wenye matunda, wanasubiri jua lianze kupasha matawi. Jioni hivyohivyo. Hawamfuati, wanaacha aje mwenyewe. Picha 20 zinatoka tawi tupu, ya 21 kindi huyo hapo, kashika mbegu kwa mikono miwili, mkia juu. Inaambulia laiki 40, lakini hiyo ndiyo picha ya kindi. Zile nyingine ni picha za mateka.

Na buku tano isiondoke mifukoni mwa madogo, wanaihitaji. Wapewe ileile, ila kwa kazi tofauti: waonyeshe mti ambao kindi anaishi, kisha kila mtu akae chini asubiri. Dogo akishajua kindi aliye hai mtini ndiye anayeleta hela, huo mti ataulinda mwenyewe, na mtego hatatega.

Kamba ibaki kwenye gari.